Mabiringanya ya Bitutu na Sheria ya Lango

Kiangazi cha Januari kilikausha maharagwe yote ya kijiji cha Birongo, lakini mabiringanya ya Bitutu yaliendelea kunenepa. Hapakuwa na muujiza. Alikuwa ametandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo na kumwagilia mashinani alfajiri. Masika yalipoingia kwa kishindo, matuta aliyoyainua yaliyaondoa maji kabla mizizi haijaoza. Dhidi ya mvua ya mawe alikuwa na wavu uliokunjwa juu ya nyaya. Kamba yake ilifungwa kwenye nguzo ya lango, na mtu mmoja aliweza kuuvuta ukafunika shamba zima.

Majirani walimcheka kwa kulima mboga ambayo hata mbuzi wao hawaijui. Ni kweli kwamba mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, Hodan, mwenye hoteli mjini Kisii, na Hodan hakupokea tunda lenye kovu. Jumapili alikuwa na harusi ya kulisha. Jumamosi akamtuma kaka yake Salat na pikapu, akae shambani hadi jua litue, kwa kuwa Bitutu ni Msabato na hachumi kabla ya hapo.

Saa nane mchana, katikati ya somo kanisani, simu ya Bitutu ilitetemeka. Alitoka kuipokea. Salat alisema wingu jeusi limevuka milima ya Manga na linakuja. Je, avute wavu?

Bitutu angeweza kujibu mwenyewe. Lakini alikuwa shemasi, na mwaka uliopita mtu alifutwa ushirika kwa kuchuma chai kabla jua halijatua. Akamwomba Salat asikate simu, akamuuliza Omwenga, mzee wa kanisa, ambaye papo hapo aliitisha kamati nje ya mlango.

Mmoja alimtaja ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, ambaye ni halali kumtoa. Omwenga aliipenda hoja hiyo, ila aliona kasoro: ng'ombe yule alikuwa ameshatumbukia, na mabiringanya hayajapigwa. Yakishapigwa, kanisa zima litakwenda kuyaokoa.

"Basi avute Salat," alisema Bitutu. "Yeye si Msabato."

"Mama Linda," Omwenga alimwambia, "amri iko wazi. Usifanye kazi yoyote, wewe, wala mgeni aliye ndani ya malango yako."

Radi ilipiga, mabati yakatetemeka. Joash, katibu, alipendekeza suala lipelekwe kwa mchungaji, ambaye angefika mwezi ujao.

Bitutu alirudisha simu sikioni. "Salat, uko wapi?"

"Hapa ndani, mama."

"Toka nje ya lango. Vuta kamba ukiwa huko."

Omwenga alifungua Biblia, akaisoma aya ile tena polepole, akaifunga.

Jioni Bitutu alikwenda shambani, kamati ikimfuata. Wavu ulikuwa umelemewa na barafu. Chini yake mabiringanya yalining'inia yaking'aa, bila kovu. Salat alikuwa amesimama nje ya lango, amelowa chepechepe, na nundu mbili kwenye paji la uso.

Omwenga alimshukuru Mungu kwa hekima aliyoipa kamati. Kisha akaziona zile nundu. "Bwana, mbona hukuingia ukajikinga?"

"Nilikuwa nangoja ruhusa, mzee. Nilidhani sasa mnajadili kichwa changu."

Bitutu akamwingiza, akampa kikapu, wakaanza kuchuma. Kamati ilibaki langoni. Mawingu yalikuwa bado mazito, na Joash hakuwa na hakika kwamba jua limetua.