Spika la Uwanja wa Bangwe

Mimi gofu siipendi, na nalisema mapema ili mtu asinielewe vibaya. Mwanaume mzima anapiga kijiyai kigumu kwa fimbo ya chuma, kinapotelea kwenye mihogo ya watu, anakwenda kukitafuta, na akikipata anakipiga tena kipotee. Huo nao ni mchezo? Lakini mume wangu Gervasi aliupenda miaka ishirini na miwili, tangu alipokuwa mwendesha winchi bandarini na mkandarasi mmoja wa kigeni akamwachia mfuko wa fimbo. Yeye na rafiki yake Alphonce, mwalimu mstaafu, walifyeka mteremko kule Bangwe juu ya ziwa, wakachimba mashimo sita, wakamwaga mchanga kuyazunguka na kuushindilia kwa oili chafu ili mpira ubingirike. Kila shimo lina mlingoti wake wa mwanzi na kitambaa. Kila Jumamosi asubuhi walikuwa huko, na mimi nyumbani Rusimbi napumua.

Kisha ikaja presha ya macho. Ilianza jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na kufikia Pasaka ya mwaka jana Gervasi hakuuona hata mkono wake mwenyewe. Daktari hakutuficha, alisema kilichokwenda hakirudi. Gervasi akajibu, "Sawa," akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dirishani na hapo ndipo alipohamia. Anakula hapo, anasinzia hapo. Miguu ikaanza kuvimba. Nikimwambia tutoke, anasema jua kali. Jua likipungua, anasema kuna upepo.

Alphonce alikuja mara tatu kumchukua. Mara ya tatu alimpeleka mpaka uwanjani, akampa fimbo, akaenda kusimama penye shimo na kumwita, "Huku, Gervasi! Huku!" Gervasi akaitupa fimbo chini. "Mimi siitwi kama mbuzi," alisema, akataka arudishwe nyumbani. Tangu siku hiyo hata jina la Bangwe hakutaka kulisikia.

Niliogopa, jamani. Kila alfajiri kabla sijafumbua macho nilisikiliza kwanza kama anapumua. Mtu haugui, haumwi mahali, lakini anaondoka kidogo kidogo mbele yako huku umemshikia bakuli la uji.

Wazo la spika nililipata kwenye redio. Siku moja nilikuwa nimeihamishia kwenye dirisha la jikoni, ikawa inapiga kelele, na Gervasi kelele zilimkera. Aliinuka mwenyewe. Akapita kigoda, akapita ndoo ya maji, akafika moja kwa moja na kidole chake kikatua kwenye kitufe cha sauti. Hakupapasa hata kidogo. Nikabaki nimeshika mwiko, ugali unaungua. Nikajiambia, kumbe huyu mzee anaona kwa masikio! Shimo la gofu likiwa na sauti, si atalipata? Na sauti ya mashine haimwiti mtu kama mbuzi.

Kesho yake nikaenda Mwanga, dukani kwa Shadia, binti anayeuza simu na vikorokoro vyake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka spika dogo la bluetooth la kutembea nalo. La kwenda kwenye gofu."

Shadia alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Mama unacheza gofu?"

"Mungu apishie mbali. Nionyeshe spika."

Akanitolea la kwanza, kubwa kama ndoo, akaliwasha na vikombe vyake vya chai vikatetemeka mezani. "Hili ndilo wanalolipenda vijana, mama. Besi yake ukiwa Ujiji unaisikia." Akatoa la pili lenye taa za rangi rangi zinazozunguka. Nikamwambia mwenye kulitumia haoni, taa ni za nini? Akalizima, akasema pole, na nikamweleza habari yote. Kuanzia hapo alinisaidia kama binti yangu.

Tulitoka nje barabarani. Nikajifunga macho kwa kitenge changu na kumwambia Shadia alichukue kila spika aende nalo popote atakapo, aliweke chini, halafu mimi nitanyoosha kidole. Watu wakaanza kukusanyika. Mwendesha bodaboda mmoja akauliza kama ni maombi. "Ni maombi, njoo utoe sadaka," nikamjibu, na wenzake wakamcheka. Spika kubwa lilinishinda kabisa. Besi yake ilikuwa imejaa kila mahali, mbele, nyuma, mpaka tumboni, nami nikaelekeza kidole kwenye duka la dawa wakati lenyewe lilikuwa mgongoni kwangu. Lile la taa lilikuwa na nafuu. La tatu lilikuwa dogo kama chupa ya chai ya mtoto, na Shadia mwenyewe alilidharau, akasema halina besi, wateja hawalitaki. Lakini sauti yake ilikuwa nyembamba na imenyooka. Mara nne nilinyoosha kidole, na mara nne nikalipata. Lina kamba ya kuning'inizia, halidhuriwi na mvua, na chaji yake inamaliza asubuhi nzima. Nikalichukua hilohilo. Shadia akanionya kitu kimoja tu, kwamba simu isiende mbali na spika, la sivyo vitakatana.

Kumtoa Gervasi kitini ilikuwa kazi nyingine. Nilimwambia ukweli, kwamba nimenunua kitu na kama hakitatumika nitakirusha ziwani. "Mara moja tu, Mama Catherine," alisema mwishowe. "Nikishindwa, tusirudie tena maisha." Nikakubali. Ningefanya nini?

Jumamosi tukaenda na Alphonce. Nikalining'iniza spika kwenye mlingoti wa shimo la kwanza, simu nikaiweka chini ndani ya kikapu, nikawasha rumba la Kikongo, maana Gervasi ni mtu wa rumba tangu ujana. Nikasogea pembeni nisije nikapigwa na hicho kijiyai. Gervasi akageuza uso kulielekea spika sawasawa, akaweka miguu, akainua fimbo. Kisha akaishusha.

"Nini?" Alphonce akauliza.

"Ngoja kwanza, gitaa linaingia."

Gitaa likaingia, likatoka, wimbo ukaisha, ukaja mwingine, na huo nao una gitaa lake. Mzee amesimama anatikisa kichwa, mpira uko palepale. Nikazima kwa hasira.

Nikafikiri, tunahitaji kitu kifupi chenye mlio mkavu. Nikarekodi kwenye simu salamu yetu ya asubuhi kwa Kiha, "Mwakeye!" na kupiga makofi kama inavyotakiwa, nikaiweka ijirudie yenyewe. Basi hapo ndipo nilipojua nimeolewa na Muha. Spika likasema "Mwakeye!" likapiga makofi. Gervasi akailaza fimbo chini, akainama kidogo, akapiga makofi na kuitikia. Akaokota fimbo. Spika likasalimia tena. Akailaza tena, makofi, akaitikia. Mara tano!

"Gervasi," Alphonce akasema, "hilo ni spika."

"Najua ni spika. Lakini limesalimia."

"Si umeshaliitikia?"

"Limesalimia tena."

Alphonce alikaa chini kwa kucheka. Gervasi hakucheka. Mtu wetu huwezi kumpita akikupigia makofi ukaendelea na shughuli zako, mama yake alimlea hivyo kule Kasulu, na mikono yake ilikuwa inakwenda kabla yeye hajaamua. Mwisho akalitafuta bega la Alphonce. "Nimeshindwa," alisema. "Twende nyumbani." Nikamsihi, nikamwambia hata mpira hujaugusa. Akasema alinipa mara moja, na mara moja imekwisha.

Ile wiki nilikuwa na hasira mpaka kuku walinikimbia. Siku ya Jumatano nikiwa jikoni nachambua mchele nikamsikia anaguna kitini kwake, nikaanza kumgombeza kama kawaida yangu, na yeye kama kawaida yake hakugeuka wala kujibu. Miaka thelathini na minane nimemgombeza mtu yule, na miaka thelathini na minane ameendelea na lake, anakata kucha, anafunga kamba za viatu, anakunywa chai. Nikaacha kuchambua. Sauti ambayo Gervasi anaisikia na haimzuii kufanya kazi si hii hapa?

Nikasubiri alale mchana. Nikawasha simu irekodi, nikaiegemeza kwenye sufuria, nikagomba. Nilianza na soksi zake. Nikaja kwenye kuku aliyemuuza bila kuniambia, na harusi ya Catherine binti yetu aliyofika ngoma zimekwisha kwa sababu ya gofu. Maneno yalikuja yenyewe, sikuyatafuta. Nilipomaliza nikafunika simu, nikarudi kwenye mchele wangu. Sikuisikiliza tena, maana nani anapenda kusikia sauti yake mwenyewe?

Jumamosi nilimdanganya kwamba tunakwenda kumwona mgonjwa Katonga. Alphonce alikuja na gari la jirani. Tulipofika Bangwe, Gervasi akanusa hewa, akajua. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaliwasha spika pale mlingotini, simu kikapuni chini yake, na sauti yangu ikaanza, "Na hizo soksi, Baba Catherine, nani umemwajiri aziokote?"

Alphonce akaniangalia kwa mshangao. Gervasi akageuza uso kuelekea spika, akanyoosha mkono, Alphonce akamwekea fimbo. Akapima kwa mguu, na wakati mimi mlingotini niko kwenye habari za kuku, akapiga. Mpira ukaenda kwenye mihogo. Akadai mwingine. Nikawa nimefika kwenye harusi. Akapiga wa pili, na ule ukaruka ukiwa umenyooka, ukaanguka kwenye mchanga, ukabingirika na kusimama hatua nne tu kutoka kwenye shimo. Alphonce akapiga kelele kama mtoto.

"Uko wapi?" Gervasi akauliza.

"Hatua nne!"

Basi ningeenda kulizima pale. Lakini nilikuwa nashangilia, na spika likaendelea. Nikasikia mchele unachekechwa kwenye ungo. Simu sikuwa nimeizima Jumatano, nilikuwa nimeifunika tu. Nikajisikia naongea polepole, peke yangu, yale maneno mtu anayoyasema akidhani yuko na sufuria zake tu. "Mungu wangu, miguu yake ile imevimba. Huyu mtu ananifia kitini. Akinifia nitamgombeza nani mimi? Chukua macho, sawa, umeshachukua. Niachie aliyebaki." Halafu kilio, na ungo.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikakimbia kwenda kulizima, lakini Gervasi alikuwa ameshaanza kutembea. Aliuacha mkono wa Alphonce. Alikuwa anashuka mteremko peke yake, fimbo mkononi haigusi chini, moja kwa moja kuelekea pale ninapolia. Nikasimama, sikuweza kumgusa. Akafika, akaupata mlingoti kwa kiganja, akalishika spika, akasikiliza mpaka likanyamaza lenyewe.

Uso wake ulikuwa umelowa. Wangu pia.

"Mama Catherine," akasema, "haya uliyarekodi kwa muda gani?"

"Dakika nane," nikasema. "Nisamehe, sikujua kama..."

"Hazitoshi," akasema. "Mashimo ni sita."