Ramani ya Kurumbiza

Mimi ni bibi shamba, na mambo ya uchuro siyaamini. Lakini siku ile mkuu wangu alipoleta ramani mbili, mwili ulinisisimka. Moja ilionyesha mashamba yenye kutu, lile kuvu linalokausha mibuni na kuacha unga wa rangi ya machungwa chini ya majani. Nyingine aliichora shemeji yangu, mhesabu ndege: kila mahali aliposikika ndege kurumbiza. Mkuu akazibandika dirishani, moja juu ya nyingine. Alama zikalaliana zote.

"Akiimba huyu, haupiti mwezi shamba limekwisha," alisema. "Tuvunje viota."

Shamba moja tu halikuwa na alama yoyote, la shangazi yangu aliyenilea. Mibuni ile ndiyo iliyonisomesha, na mwaka mzima sikuwa nimeikagua. Kinyozi hajinyoi. Nikawasha pikipiki, nikakagua mashamba mawili yenye kutu yaliyokuwa njiani, kisha nikaenda kwake, roho mkononi.

"Leo umepotea njia?" alinitania.

"Shikamoo shangazi. Kurumbiza anaimba huku?"

"Marahaba. Huyo? Tangu mibuni hii michanga! Kila asubuhi anapayuka, hana hata haya."

Sikumwelewa: aimbe kila asubuhi, na shamba lisiwe na alama hata moja? Nikaingia shambani, nikageuza jani baada ya jani. Yote safi. Ndege akaimba juu yangu, sauti tamu, karibu mno. Kwa mazoea nikatoa daftari niandike, maana shemeji hatoki ofisini. Orodha yake ya kurumbiza ninamjazia mimi, katika kila shamba ninalokagua.

Kalamu ikasimama. Kurumbiza alikuwa kila mahali, siku zote. Ramani ya shemeji haikuonyesha alikoimba ndege. Ilionyesha nilikopita mimi, na kutu ilikuja nyuma yangu. Niliogopa mikono yangu mwenyewe.

"Ona ulivyochafuka, mwanangu," alisema shangazi nyuma yangu. "Vumbi gani hili la rangi ya machungwa?"

"Shangazi, usiniguse!"

Akacheka. Tangu utotoni nilikuwa sipendi kusafishwa. Alikuwa ameshamaliza mgongo, sasa anakung'uta mabega kwa viganja vyote viwili, na upepo ulikuwa unaelekea kwenye mibuni.