Aliyewachongea kwa Adjudant

Apollinaire alimpenda Jacques mpaka pale babake Jacques alipoingia. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, familia ya kijana imepanda hadi Bagira, mtaa wa Bukavu, kuja kumposa Elodie, binti wa Apollinaire, viti vimeazimwa kwa jirani, na Séraphine, mkewe, yuko jikoni tangu alfajiri. Kisha mlango ukajaa mtu mnene mwenye koti la bluu. Apollinaire, aliyekwisha kunyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. Mtu mwenyewe alikuwa Ezéchiel, yule yule wa kambini.

"Kumbe ni weye!" Ezéchiel alicheka mpaka machozi. "Jamani, huyu tulifanyaka naye jeshi! Tulilalaka kitanda kimoja!"

Wageni wakataka hadithi, naye hakuombwa mara mbili. Akasimulia kambi ile ya mafunzo upande wa Walungu, miaka ishirini na zaidi iliyopita. Jinsi makurutu walivyotoboa tundu kwenye ua wa matete, wakabeba buti mkononi zisiache alama kwenye matope, wakaenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mamake Séraphine. Akaigiza jinsi aliyebaki alivyowaitikia wenzake "présent" kwenye kuhesabiwa, kila mara kwa sauti nyingine, moja nzito, moja ya mafua. Watu wakashika mbavu. Apollinaire hakucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hiki sasa kinataka kuvaliwa kabisa.

"Malizia," alisema. "Sema ile siku ya mwisho."

Apollinaire aliikumbuka vizuri. Siku ile waliporudi walimkuta adjudant Théodore, msimamizi wa makurutu, amekaa kwenye kigoda kando ya tundu, anawangojea kama mtu anayengojea wageni. Walichapwa mbele ya kambi nzima. Ezéchiel peke yake hakuwa ametoka. Alisema tumbo linamuuma. Na muda si mrefu akahamishiwa jikoni kwa maofisa, akanenepa. Nani humpa kurutu jiko bure?

"Ulikuwaka na tumbo ile siku moja tu," Apollinaire alisema. "Nani alituuzisha?"

Jacques akamtazama babake. Elodie, pazia la jikoni mkononi, akamtazama wake. Babake hakuwahi kumsamehe hata mteja wa misumari aliyemdanganya mara moja pale sokoni Kadutu. Angeolewa au asingeolewa kwa jibu la Ezéchiel.

"Niliharishaka, ndugu yangu," Ezéchiel alijibu, kicheko kimemkauka. "Na jikoni walinipeleka juu nilijua kupika. Naapa kwa Mungu."

"Kila muchongezi anaapa." Apollinaire akasimama. "Mutoto wangu hataingia mu nyumba ya mutu wa vile."

Hapo Séraphine akatoka jikoni, akipangusa mikono kwenye kitenge.

"Papa Elodie, achia huyu mutu. Ni mie nilisemaka."

"Ulisemaka nini?"

"Adjudant alipitaka kwetu kununua ndizi. Nikamwambia: angalia kwa ua, iko shimo."

"Juu ya nini, Séraphine?"

"Haukuwa unakuya juu ya kasiksi. Ulikuwa unakuya juu ya Ghislaine, dada yangu mukubwa. Kila siku Ghislaine, Ghislaine. Nikasema wakikufungia kambini utamusahau."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakosa mwenzake. Apollinaire alimkumbuka Séraphine yule msichana aliyekuja kambini baada ya viboko, na maji ya moto na majani ya dawa, akamkanda mgongo huku akilia kuliko yeye. Kwa machozi yale alimwoa. Miaka yote alijivunia machozi yale mbele za watu. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona woga.

Akamshika Ezéchiel mkono kwa mikono yake miwili. "Unisamehe," alisema. "Elodie ni mutoto wenu." Vigelegele vikapasuka, Elodie akalia, Jacques akasahau adabu akamkumbatia baba mkwe.

Bugali ukaletwa na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga. Séraphine mwenyewe akaiweka sahani mbele ya mumewe, akakaa pembeni yake kama siku zote. Wageni wakaanza kula. Apollinaire akamega tonge, akalishika tu. Katika Bukavu watu huogopana sumu, na kwa mtu usiyemjua hungoja kwanza mwenye chakula aonje. Akasogeza sahani mbele ya mkewe.

"Anza weye," alisema.