Mwenza wa Magurudumu Matatu

Nyayo za Mwanarusi zilijulikana Msambweni nzima kwa kina chake. Wanawake wengine walipita njia ile ya mchanga iendayo msikitini wakaacha alama za kupapasa tu, upepo ukazifuta. Zake zilizama. Visigino vilichimba, na kukinyunya usiku, asubuhi kuku walikunywa humo. Wala hakuwa mnene. Zilikuwa nyayo za watu wawili. Ndiyo maana siku ile, alipotoka na ndoo kwenda kisimani, alisimama ghafla. Mchangani hapakuwa na unyayo wake hata mmoja. Palikuwa na michirizi mitatu iliyokwenda sambamba bila haya mpaka mlangoni kwa Mishi mshona kofia, ikasimama hapo, ikazungukazunguka, kisha ikashika njia yake.

"Sasa anapita bila mimi," alisema, na roho ikamwuma.

Mumewe, Abdurahman, alikuwa mkwezi katika shamba la minazi la kampuni. Alipanda minazi ujana wake wote, hata siku moja akashika kuti bovu, kuti likamwachia. Uhai ulibaki, miguu ikafa. Wazee wa ukoo walikaa kitako kushauriana ni nani atakayempeleka msikitini na ni nani atakayempeleka sokoni. Walishauriana sana, maana ushauri hauna uzito. Mwanarusi hakuwangoja. Alijikaza leso kiunoni, akachuchumaa mbele ya kitanda, akamwambia mumewe, "Panda."

Watu walisema. Mke kumbeba mume mgongoni mchana kweupe! Walisema mpaka wakachoka, kisha wakazoea, kama watu wanavyozoea kila kitu wasichokibeba wao. Wahenga wametuambia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa Mwanarusi mambo yalikuwa kinyume: wenzake ndio waliouona mzigo mzito, wakampa pole njia nzima, naye akiapa kwamba amebeba usufi mtupu.

Alikuwa na sababu yake. Abdurahman wa zamani alikuwa mtu wa maneno machache. Angezungumza na nani huko juu ya minazi? Lakini mgongoni, mdomo wake ulipokuwa karibu na sikio la mkewe, ulimi ulifunguka. Alimhadithia kila alichokiona juu ya nyua za watu: paa la nani limetoboka, kuku wa nani anaatamia nyuma ya choo cha jirani, nani amegeuza uso ili asiwasalimu. Siku nyingine alimwambia mambo ambayo mwanamume haambii mtu, kwamba anaota anapanda, kwamba akiamka huitafuta miguu yake kwa mikono. Walikuwa wameoana miaka mingi, wakazaa, wakamwoza binti yao huko Majoreni. Hata hivyo Mwanarusi alihisi kwamba mume huyu wa sikioni amempata juzi tu, na kwamba ni wake peke yake.

Ndipo kampuni ilipoleta kiti. Kilikuwa na magurudumu matatu, mnyororo kama wa baiskeli, na pedali mbili za kuzungusha kwa mikono. Kililetwa na Salimu, karani kijana wa shirika moja la bima huko Mombasa, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na mkoba wa ngozi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Starehe. Mama, kampuni imekikatia kiti hiki bima. Kikiibwa, kikiungua, kikipata ajali, shirika litalipa na mzee ataletewa kingine. Lakini sharti kitunzwe. Kifutwe kwa kitambaa kikavu, na mnyororo utiwe grisi hii." Akampa kopo. "Chumvi kisiione kabisa. Nitakuwa nikija kukikagua. Nikikuta kimeharibika kwa uzembe, bima haipo tena, na kampuni itakichukua."

Mwanarusi aliligeuzageuza lile kopo. "Hiyo bima hukatiwa vitu gani?"

"Kitu chochote chenye thamani, mama."

"Na mgongo?"

Salimu alicheka, akidhani ni utani. Abdurahman hakucheka. Alimtazama mkewe kama anayetaka kusema neno. Lakini mikono ilikuwa tayari imeshika pedali, na pedali zilikuwa zikimwita. Alizungusha, kiti kikaenda. Alifika kwenye ua akageuka, akarudi, akaenda tena, machozi yakimtiririka ndevuni, na uwanja mzima ukapiga makofi. Mwanarusi naye alipiga. Mikono yake mitupu haikuwa na kazi nyingine.

Kisimani, Kache, jirani yake aliyeolewa kutoka Kikoneni, alimpokea kwa mzaha. "Mwenzangu, hongera! Nasikia mumeo ameoa."

"Ameoa nani?"

"Bibi mwenyewe ana miguu mitatu na hajui kupika. Una bahati wewe! Mimi mke mwenzangu ana miwili, na wali wake unaushinda wangu."

Walicheka wote. Mwanarusi alicheka kwa meno, na neno lile akarudi nalo nyumbani pamoja na maji.

Tangu hapo Abdurahman hakukaa nyumbani. Alfajiri yuko msikitini, asubuhi sokoni, mchana barazani kusikiliza redio na habari za Hali ya Hatari huko bara. Jioni aliingia akinuka jasho na kahawa za watu, akala, akalala. Habari zilikuwa zimekwisha kuzungumzwa huko nje. Mkewe akiuliza, aliletewa kiporo. Alipokuwa akimbeba alijua mambo ya mji kabla ya mji wenyewe. Sasa alikuwa mtu wa mwisho kuambiwa nani amekufa.

Halafu likaja takia. Lilikuwa la usufi, limevikwa kitambaa cha kijani na kudariziwa pembeni kwa mshono wa kofia, mshono mzuri kiasi kwamba kuuchukia kulitaka bidii.

"Nani amekushonea?" aliuliza Mwanarusi, huku akipakua.

"Mishi. Kiti kilikuwa kinaniumiza kiuno."

"Mbona hukuniambia kama kinakuumiza?"

"Jambo dogo. Nilikuwa napita, akaona ninavyokaa upande."

"Akaona yeye. Mimi nilikuwa wapi nisione?"

Abdurahman alifikiri, maana alikuwa mtu wa kweli. "Ulikuwa nyumbani, Mwanarusi," akajibu.

Hakuna jibu lingine ambalo lingemchoma vile. Kama mumewe angekuwa anamtamani Mishi, angejua la kufanya. Wanawake wa pwani wamefundwa la kufanya. Lakini Mishi alikuwa mlango tu wa kupitia. Kilichomchukua mumewe ni hicho kilichoegeshwa ukutani, kinang'aa, hakili, hakilali, wala hakikohoi kinapopanda kilima.

Msambweni ile ilikuwa na visima viwili. Cha juu kilikuwa na maji matamu. Cha pwani kilikuwa na maji ya magadi na chumvi, na hata mtoto alijua kwamba ukiyatia katika sufuria itatoboka na ukiyamwagia bawaba mlango utalia. Jioni ile Mwanarusi alichukua ndoo, akateremka kisima cha pwani.

Alikiogesha kiti. Alikisugua kwa dodoki, spoku kwa spoku, akaumwagia mnyororo maji mpaka ukachuruzika. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa. Majirani walimsifu: mwanamke gani huyu, mpaka kiti anakiogesha! Yeye mwenyewe alijiambia kwamba ni usafi tu, na usafi ni sehemu ya imani. Kopo la grisi lilikaa mvunguni halijafunguliwa. Haukupita muda mrefu, mnyororo ukaanza kulia. Abdurahman alipotoka alfajiri, mkewe alimsikia kwa mlio ule mpaka mbali, na masikioni mwake ukawa mtamu kuliko tarabu. Utamu huo ulimtisha, lakini hakuacha kuteka maji.

Mnyororo ulikatika siku ya Ijumaa, penye mteremko uliopita kidogo nyumba ya Mishi. Kiti hakikuwa na breki ila mikono ya mwenyewe, na mnyororo ulipokatika mikono ilizungusha hewa. Kiliserereka, gurudumu la mbele likagonga mzizi, kikapinduka mtaroni. Kache ndiye aliyekuja mbio kumwita Mwanarusi, kanga mkononi, maneno yakimshinda.

Alipofika, waumini waliokuwa njiani kwenda kuswali walikuwa wamemzunguka mumewe. Mishi alikuwa amepiga magoti, akimkandamiza kitambaa kwenye paji la uso. Wanaume wawili walitaka kumwinua.

"Niacheni," Abdurahman alikuwa akisema. "Mke wangu yuaja."

Mwanarusi aliyasikia. Kwa siku ngapi alikuwa ameyangoja maneno hayo! Alijikaza leso, akachuchumaa.

"Panda."

Akapanda. Uzito uleule, mikono ileile shingoni, ila sasa ilikuwa imekomaa kwa pedali. Mwanarusi aliinuka akaanza kutembea, nyayo zikizama kama zamani, sikio likiwa wazi. Walipita uani kwa watu. Abdurahman hakusema kitu. Walipita paa lililotoboka, hakusema. Alisikia pumzi tu, na tone la damu lenye joto likamwangukia begani. Alikuwa amerudishiwa mume wake, lakini yule wa sikioni hakurudi naye.

Penye kilima, kitu kikawaka chini ya uti wa mgongo. Alikifahamu. Alikuwa amekimeza tangu mwaka uliotangulia, akakificha chini ya vicheko na viapo vya usufi. Safari hii hakikumezeka. Alimteremsha mumewe polepole, kisha naye akaanguka kitako. Walikaa hapo katikati ya njia, mmoja na kanzu yake ya Ijumaa yenye damu, mwingine na leso iliyofunguka.

"Unaumwa," alisema Abdurahman.

"Nimechoka tu."

"Mwaka jana, wakati wa maembe, ulilia papa hapa. Ulilia ndani kwa ndani. Mdomo wangu ulikuwa sikioni mwako, Mwanarusi, lakini kifua changu kilikuwa mgongoni. Mfupa wako ukilalamika, mimi ndimi wa kwanza kuusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?" Alijipangusa damu kwa mkono wa kanzu. "Nilimtuma nyapara kwa wakubwa wa kampuni, nikaomba kiti. Walikataa. Nikamtuma tena."

Mwanarusi alichota mchanga, akaumwaga, akachota tena. Upande wa msikitini sauti ya imamu ilisikika kwa mbali.

"Ule mnyororo," alianza.

"Najua. Niliugusa nikalamba kidole. Chumvi."

"Na bado ukapanda?"

"Mwenye wake wawili haingilii ugomvi wao." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Nilidhani hasira zako zitakwisha kabla ya chuma."

Hapo Mwanarusi alilia, na safari hii alilia kwa sauti, Ijumaa, njiani, mbele ya kila aliyetaka kutazama. Kache alipoleta mkokoteni na watu wa kuusukuma, alikubali kupandishwa pamoja na mumewe, jambo ambalo juzi tu angeliona ni matusi.

Salimu alipokuja kukagua, alimkuta uani mbele ya karai la mafuta ya taa. Alikuwa akiusugua mnyororo kwa kumbi la nazi, pete baada ya pete, vidole vimekuwa vyekundu kwa kutu. Kopo la grisi lilikuwa wazi kando yake. Kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na kuku alikuwa amejilaza juu ya takia la kijani.

"Shikamoo, mama. Imekuwaje tena?"

"Ajali," Abdurahman alidakia kutoka kibarazani. "Si ulisema bima yalipa ajali?"

"Yalipa, mzee." Kijana alishusha pumzi, akafungua mkoba na kutoa kalamu.

Mwanarusi alisimama, mkono kiunoni, kwa taabu. Alijua kwamba akinyamaza mumewe ataletewa kiti kipya, na akisema huenda wakachukua hata hiki. Lakini alikuwa ameishi na mlio ule masikioni muda mrefu, hakutaka kuishi nao tena. "Si ajali, mwanangu. Ni mimi. Nilikiogesha kwa maji ya kisima cha pwani, na nilijua."

"Kwa nini, mama?"

"Wivu."

Kalamu ya Salimu ilibaki hewani. "Moto umo," alisema polepole. "Wizi umo. Ajali imo. Wivu haumo, mama."

"Basi waambie wakubwa zako wautie. Huo ndio unaounguza nyumba."

Abdurahman aliinamisha uso. Salimu alichuchumaa, akauinua mnyororo kutoka karaini, akautazama unavyodondosha mafuta. Pete moja tu ndiyo iliyokatika. Akaurudisha taratibu, akaifunika kalamu yake.

"Nimetumwa kukagua kiti," alisema, "na hapa naona vipande. Nitarudi kitakapokuwa kiti."

Aliaga akaenda zake. Kama atarudi na msamaha au na lori la kampuni, hakusema, wala hawakumwuliza.

Jua lilipopungua makali, Abdurahman alimwita mkewe kibarazani. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. "Kaa hapa," alisema. "Geuka."

"Nina kazi, bwana."

"Geuka, Mwanarusi."

Aligeuka. Mikono iliyokomazwa na pedali iliteremka mgongoni mwake, ikapita pembeni, ikarudi, ikafika palepale bila kuelekezwa. Mwanarusi alitaka kusema hapaumi.

"Hapo," alisema. "Hapo panauma."

Mikono ikatulia hapo, ikakanda. Kisha alihisi ndevu shingoni, na pumzi, na mdomo karibu na sikio.

"Unajua kuku wa Kache anatagia wapi siku hizi?"

"Wapi?" aliuliza Mwanarusi, ambaye yai lenyewe alikuwa ameliokota asubuhi, juu ya takia.