Mto Uliokaa Kwenye Karai

Wewe, mgeni akikujia asubuhi akitiririka maji kutoka kichwani hadi miguuni, utamkalisha wapi? Virginia alifikiri kidogo. Sofa ingelowa, na vitambaa vyake alikuwa amevifua jana yake tu. Akatoa karai kubwa la kuoshea vitunguu, akaliweka karibu na jiko, akauambia mto, "Kaa hapa, usione haya."

Mto ukaingia. Ulikuwa umekonda, mwembamba kama kamba ya kufungia punda. Ukajikunja ndani ya karai, ukatulia. Ulikuwa umebeba kambare mmoja, ukamtoa kama zawadi, kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

"Takwenya," mto ukasalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Virginia akaitika. Salamu hiyo aliijua tangu yeye na marehemu mumewe waliponunua shamba nje ya Kitengela wakitoka Nyeri.

Akaumiminia chai ya maziwa. Chai ikapotea ndani ya mto, ikabaki rangi kidogo upande mmoja. Hakuuliza umekuja na shida gani, kwani kwao mgeni haulizwi shida kabla hajamaliza chai, na ile rangi ilikuwa bado inaonekana. Mto nao ulikuwa na adabu. Ukangoja uulizwe.

Shamba la Virginia ndilo la mwisho mto unakoteremkia. Ili wakulima wasigombane, Njuguna, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliwagawia wiki yote: kila mwenye pampu na siku yake ya kuvuta maji mtoni, Jumatatu mpaka Jumapili. Zamu zilichorwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa kibanda cha mkutano, zikasifiwa na kila mtu. Jumapili ilikuwa ya Virginia kwa sababu kanisa lake husali Jumamosi. Baada ya pampu yake palikuwa mchanga mtupu. Mto ulikuwa umefika hapo, ukauangalia ule mchanga, ukapanda hadi kwake.

Basi ukakaa. Virginia akapalilia vitunguu mchana, na jioni akauhadithia mto habari za wajukuu. Kila alipopika chai, aliuongezea.

Siku moja akaja Nashipae, rafiki yake wa kule chini, anayemletea maziwa. Alisimama mlangoni na fimbo yake kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea.

"Mama Shiro, hujaona mto wangu?"

"Uko jikoni."

Nashipae akachungulia. "Kumbe! Huko kwangu ng'ombe wanachimba mchanga kwa pua, migunga inaangusha majani, hata ndege wa kando ya maji wamehama, na wewe unakunywa chai?"

"Nimekaribishwa," mto ukasema.

"Huyu Mkikuyu atakuwekea sukari mpaka usahau njia ya kwenda Mto Athi!"

Virginia akacheka mpaka akashika ukuta.

"Cheka tu," Nashipae akasema. "Hayo maziwa ni ya yule ng'ombe wangu mweusi. Yuko karibu kuzaa, na hana maji. Akikauka, wewe na mgeni wako mtakunywa turungi, chai bila maziwa."

Virginia akaacha kucheka. Jumatano wakaupeleka mto kwa mkutano wa kamati, kila mmoja ameshika upande wake wa karai, wakipumzika njiani penye kivuli.

Njuguna alifungua kwa maombi, akaomba mvua. Kisha akasema wageni wasimame. Mto haungeweza kusimama, ukainua wimbi dogo, na watu wakaupigia makofi. Ukaanza kufungua kinywa.

"Pole, mgeni wetu," Njuguna akasema. "Wewe tumekuweka kwa mengineyo."

Wakaongea habari za mipira ya maji inayovuja mpaka soda zikaletwa. Ndipo wakafika kwa mengineyo, na Ezra, mkulima wa nyanya, akainua mkono.

"Mwenyekiti, niko na swali. Huu mto uko na pampu?"

"Hauna," Nashipae akajibu.

"Sasa utapewa siku aje? Sheria ni siku kwa pampu."

Watu wakaona hilo ni swali zuri. Njuguna alisikitika kweli. Aliupenda ule mto. Alikuwa amebatizwa ndani yake.

Virginia akasimama. Vitunguu vyake ndio kwanza vilikuwa vinajaza vichwa, na alijua anachosema. "Mimi natoa Jumapili yangu. Iwe ya mto."

Vigelegele vikapigwa. Njuguna akamshukuru kwa moyo wake mkubwa, akaeleza kwamba siku iliyotolewa hurudi kwa kamati, na kamati huipa mwenye pampu. Ezra alikuwa na pampu ya pili. Brashi ikaletwa, jina la Virginia likapakwa rangi, na la Ezra likaandikwa juu yake, vizuri, kwa herufi kubwa. Wakafunga kwa maombi.

"Sasa mko wawili hamna siku," Nashipae akamwambia Virginia. "Njoo kwangu nikufundishe kuchunga."

"Nichunge na haya magoti?"

"Ng'ombe wangu pia wamechoka. Mtaenda pamoja."

Wakacheka, wakainama kubeba karai. Virginia akatazama ndani. Maji yalikuwa meupe kabisa, kambare angeonekana mpaka ndevu, na ile rangi haikuwapo tena.

"Chai yako imeisha?" akauliza.

"Imeisha," mto ukasema. "Asante."

"Basi sema sasa. Ulikuja na shida gani?"

Mto ukatazama mlango. Mlangoni walijaa wanakamati wakimalizia soda zao, na nyuma ya miguu yao kiteremko cha mchanga kilishuka mpaka kwa Nashipae.

"Nilikuwa naomba kupita."