Ukurasa wa Kumi na Tisa

Deogratias, mhariri wetu, alibandika picha kwenye ukuta wa ofisi pale Kinondoni: kijana mwenye hedifoni shingoni na miwani ya jua, anaichekea simu yake. Akatutangazia kwamba huyo ndiye msomaji wa jarida letu la muziki, na kuanzia toleo lijalo kila neno litaandikwa kwa ajili yake. Kisha akanigeukia, akasema ukurasa wa kumi na tisa unafutwa.

Ukurasa huo ni wangu. Miaka sita nimesikiliza nyimbo mpya za taarabu, narudisha nyuma mpaka masikio yanauma, naandika maneno yake ubeti kwa ubeti bila kukosea. Sina kazi nyingine pale. Nikamuuliza kijana huyo wamemtoa wapi. Akajibu kuwa watu mia tatu wamejaza fomu mtandaoni. Nani kule Mbagala, tunakouza zaidi, ana muda wa kujaza fomu ya jarida?

Nikamwambia twende akaone mwenyewe. Alikubali shingo upande.

Nilimpeleka Mbagala, saluni kwa Da Mwajabu, mama wa makamo anayesuka nywele na kununua kila toleo. Majarida yetu yalikuwa yamepangwa juu ya stuli. Deogratias akafungua moja, akafungua la pili, la tatu. Yote yamechanwa ukurasa ule ule. Akaninong'oneza kwa furaha ambayo hakujali hata kuificha:

"Unaona, Rukaiya? Ukurasa wako wanafungia maandazi."

Nilitamani kumzaba kibao. Da Mwajabu alikuwa amesikia. Aliweka kitana chini, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ukurasa wangu. Akamweleza taratibu kwamba mwanamke akiinuka kumtunza mwimbaji noti kwenye shughuli, na mbaya wake kakaa palepale ukumbini, lazima aimbe huku anamtazama huyo mbaya machoni. Ukikosea neno, mtaa mzima unakucheka.

"Kwa hiyo tunachana, tunakwenda kukariri," alisema. "Hayo mengine tunawaachia nyie mliosoma."

Njia nzima ya kurudi Deogratias alitazama nje dirishani. Mjinga mimi, nikadhani ameelewa.

Toleo likatoka. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na picha ya hedifoni, ukubwa wa sahani ya pilau.

Jumapili Da Mwajabu alinipigia. Hakunisalimia. Jana yake kulikuwa na harusi, na mke mwenzie alikuwepo. Wimbo ulikuwa mpya. Alikuwa amelinunua jarida asubuhi, akalipekua mara mbili, hakuona kitu, akaenda hivyo hivyo. Akainuka kutunza, akakwama ubeti wa pili. Mke mwenzie, mwenye jamaa yake kwenye bendi, akainuka, akaushika ubeti pale ulipokatika, akammalizia usoni. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Nilisimama pale na noti mkononi kama bubu," alisema. "Nilikuwa nawategemea nyie."

Nililia kwa hasira, tena hasira nyingine juu yangu mwenyewe, kwamba nilikuwa nimeuandika wimbo ule wote, umelala mezani kwangu, na sikuwa nimempelekea.

Wiki ya tatu marobota ya majarida yakarudi kutoka Mbagala, kamba hazijafunguliwa. Deogratias akanipigia, sauti laini, anataka kujua wasomaji wamepatwa na nini.

Nilikuwa saluni, namsomea Da Mwajabu ubeti wa pili. Nikamwambia Deogratias amuulize yule kijana wa ukutani, nikakata simu, nikaanza ubeti upya.