Mtoto Aliyepimwa Akiwa Mzima

Felisita alipofika Bariadi kwa mdogo wake Wilhelmina, alimkuta Winnie, binti yake mwenyewe, uani akiruka kamba. Alisimama getini akimtazama. Nyumbani kwao, upande wa Maswa, Winnie hakuwa mtoto wa kuruka kamba. Macho yalimwasha, alipiga chafya hadi akachoka, na usiku kifua kilimlia kama filimbi.

Kanisani walikuwa wametangaza kwamba madaktari wageni watakuja hospitali mjini kupima pumzi za watoto wenye mzio. Shule zilipofungwa, Felisita alimtanguliza binti yake huko ili siku ikifika asikose.

Daktari aliyewapokea hospitalini aliitwa Kasmiri. Alimpa Winnie mrija mweupe uliounganishwa na mashine ndogo yenye picha ya puto kwenye kioo chake.

"Vuta pumzi, halafu puliza polepole. Unaliona hili puto? Lisipande sana, lisishuke."

Mara ya kwanza puto lilianguka. Mara ya pili Winnie alilishikilia hapohapo, macho yamemtoka, mpaka mashine ikalia.

"Vizuri sana," Kasmiri alisema. "Mama, namba ni ndogo. Mapafu hayajavimba. Hivi ndivyo mtoto mzima anavyopuliza."

"Mzima? Daktari, juzijuzi tu tumembeba kwenye baiskeli, midomo imebadilika rangi!"

"Nyumbani analala wapi?"

"Chumba tunachohifadhia pamba ya mavuno."

"Na hapa mjini?"

"Kwa mama yake mdogo. Hakuna pamba."

Kasmiri alivua miwani. "Basi mashine haijakosea. Imempima mtoto aliyekaa mbali na vumbi. Mkimrudisha kwenye pamba, kifua kitavimba tena. Mtafutieni pa kulala kwingine." Akampa inhela moja, dawa ya kuvuta mdomoni kifua kikibana, akamwonyesha namna ya kuitumia.

Felisita alimwomba mdogo wake abaki na Winnie. Wilhelmina alilia kabla hajajibu.

"Dada, chumba ni kimoja, na shemeji yako anarudi wiki hii. Nitamweka wapi?"

Waliporudi kijijini, Mboje, baba yake Winnie, aliwapokea njiani.

"Mashine imesemaje?"

"Imesema mimi mzima, baba!" Winnie alijibu.

Mboje alimnyanyua juu, akacheka, akaenda kukamata kuku wa kuchinja. Felisita alimwacha amalize kula ndipo akamweleza mengine. Mboje alinawa mikono.

"Mzani wa chama cha ushirika haujafika kijijini kununua pamba," alisema. "Nikiitoa nje, ng'ombe wataila na wezi watamalizia. Niipeleke wapi, mama Winnie?"

Felisita alikwenda kukunja mkeka wa Winnie.

Walimhamishia Winnie chumbani kwao, pamoja na wadogo zake. Lakini ukuta uliotenga chumba cha pamba haukufika paani, na vumbi lilipita juu. Wakajaribu kumlaza jikoni; moshi ukawa mbaya zaidi. Mboje alitundika turubai kuziba ule uwazi. Winnie akapata nafuu kidogo, kisha akaanza tena kulala ameketi, mikono imeshika magoti.

Inhela ikaisha. Zahanati hawakuwa nayo. Felisita alipanda basi akarudi hospitali Bariadi, mtoto amemwegemea kifuani. Chumba alichopimwa kilikuwa kimefungwa.

"Wale wageni waliondoka na mashine yao," muuguzi alimwambia, akamvalisha Winnie barakoa ya mvuke wa dawa. Kifua kikafunguka. Jioni wakaambiwa warudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa kulekule.

Pamba ilipopimwa hatimaye na kuchukuliwa, Felisita alifagia kile chumba, akamwagia maji, akakandika sakafu upya. Winnie alikuwa ameacha shule. Kutembea hadi huko kulimshinda, na mwalimu mkuu alikuwa ameshauri apumzike mwaka huo.

Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mboje alitoa jembe, akasimama mlangoni.

"Mwaka huu tungelima mpunga tu, tuache pamba," Felisita alisema.

"Wapi? Shamba letu liko juu, maji hayakai. Mpunga utaota kwenye mchanga?"

Felisita alimfunika Winnie kanga, akachukua mbegu za pamba, akamfuata mumewe shambani.